Kuwaandikia Wazee Kumbukumbu Zao

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nahodha mmoja wa jahazi ameniomba nimwandikie kumbukumbu za maisha yake kwa malipo. Je, kazi hii yaweza kuwa riziki, na kitabu kitakuwa cha nani? — Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Mwalimu, riziki ipo, ila huja polepole. Kuhusu kitabu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo andikianeni mkataba kabla ya kurekodi lolote, mkitaja malipo kwa awamu na iwapo jina lako litaonekana jaladani. Katika mahojiano, mwulize mambo ya kushikika: nani alishika usukani, tanga lilishonwa wapi, boriti za mikoko zilipakiwaje, maana ukimwuliza tu maisha yalikuwaje, atakujibu “alhamdulillahi” kisha anyamaze. Mwachie Kiamu chake, lahaja ya Lamu, katika mazungumzo, hata mchapishaji akinung’unika. Akimtaja jirani kwa ubaya, mwulize tena siku nyingine kama kweli ataka hilo lichapwe. Kitabu kikishazungumzwa barazani, mteja wa pili atakutafuta mwenyewe, na huyo mtoze zaidi.