Kampuni inatuita, mwalimu anasema tungoje

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasoma uhandisi wa kemia mwaka wa nne, Dar es Salaam. Mimi na wenzangu wawili tunachoma vifuu vya nazi kupata kaboni ya kutengenezea betri. Kuna kampuni imetuita tukasaini mkataba. Mwalimu wetu anasema tungoje, kazi haijaiva. Tumsikilize nani?
Binti wa Temeke

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya kemia miaka 31 na nimeona tafiti nyingi nzuri zikifia kabatini, kwa hiyo swali lako limenigusa sana.

Hiyo betri ya simu yako ilianzia kampuni, ikapitia chuo, ikarudi kampuni. Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, alitengeneza betri ya lithiamu, metali nyepesi sana, ya volti 2 na ushee. Ilishika moto mara kadhaa, zimamoto wakaitwa. Bei ya mafuta iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ikabana matumizi na kazi ikaachwa. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, chuoni Oxford, wakatumia oksidi ya kobalti, volti zikafika 4. Halafu Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei, Japani, akaondoa lithiamu tupu, iliyokuwa ikileta moto, na mahali pake akaweka kaboni iliyotokana na mafuta ya petroli. Hiyo ndiyo ndugu ya vifuu vyenu! Akaiangushia betri yake pande la chuma, haikulipuka. Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97, na mgawo wa mauzo hakuwahi kupata.

Mwalimu wenu ana haki kuhusu muda. Lakini chuoni kwenu nani atachaji na kumaliza chaji ya betri moja mara 500, na kuiponda kwa chuma? Kampuni ina vyombo vya kufanya hivyo. Nendeni, na mwalimu aende nanyi.

Ila msisaini siku hiyohiyo. Niliwahi kuona vijana wakisaini karatasi mbili tu bila kusoma kifungu cha matokeo. Mwaka mmoja baadaye walikatazwa hata kuandika tasnifu juu ya kazi yao wenyewe. Mmoja alilia mbele ya tanuri, na mimi nilikosa la kumwambia.

Ulizeni hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, itakuwa ya nani, na kama mtaruhusiwa kuchapisha. Ulizeni pia kampuni ikiiacha kazi njiani, kama Exxon, je, inarudi kwenu? Hilo liandikwe, lisiishie mdomoni. Daftari la maabara liwe na tarehe na sahihi kila ukurasa, kuanzia leo.

Na kaboni yenu msiilaze wazi. Inavuta unyevu, na hewa ya Dar unaijua.