Laki tisa au laki moja na nusu?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi, rafiki yangu na shemeji yangu tunatoka Dodoma kwenda Nungwi wiki ya kwanza ya Julai. Tunataka kuvua kwa mikono yetu, maana kutazama tumeshatazama sana kwenye simu. Boti ya kitalii imetutajia laki tisa kwa nusu siku. Kijana mmoja wa ufukweni anasema atatutoa na mashua ya baba yake kwa laki moja na nusu. Rafiki yangu anaona zote ni kutupa hela, tununue mishipi na ndoana tukajivulie. Tufuate lipi? Halafu shemeji hutapika hata kwenye boti ya kuvukia Unguja.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana na mimi nimewahi kuwa yeye.

Mara yangu ya kwanza kuvua Mafia tulikwenda wanne na dau letu. Mzee mmoja wa kisiwa cha Jibondo akatwambia tumpe chochote, atuonyeshe pa kuvua. Tukamcheka. Watu wa Nungwi tuonyeshwe bahari! Tukatia nanga mahali tulipopapenda kwa rangi ya maji. Mpaka jua la utosi tulikuwa na vichangu viwili vya kutia aibu, na nanga imenasa mwambani. Tukakata kamba tukaiacha. Yule mzee alikuwa karibu tu, tungeweza kuitana, peke yake ndani ya mtumbwi, anapandisha changu kama anayetoa nguo kwenye beseni. Jioni nikamfuata na kilo ya sukari. Akanieleza: mnazi uliokatika kichwa ukikaa sawa na pembe ya paa la msikiti, na upande wa pili kisiwa kidogo kikianza kuchungulia nyuma ya kikubwa, hapo teremsha. Ukipita kwa urefu wa madau mawili tu, chini ni mchanga mtupu.

Basi mwambie rafiki yako mshipi ataupata dukani, lakini ule mnazi hauuzwi.

Sasa hiyo laki tisa. Sehemu kubwa yake ni petroli. Boti hizo hutoka mpaka fungu la Leven, mwinuko ulio chini ya bahari kati ya Unguja na Pemba, zikiburuta chambo za bandia kwa masaa bila kuzima injini. Huko wanatafuta nguru, jodari, felusi, na mwenye bahati nduaro. Si wizi, na kwa mashua hufiki. Ila utakaa umekunja mikono. Fimbo ya kuvulia ikilia, baharia ndiye anayeiwahi, wewe unakabidhiwa uzungushe. Tena Julai ni msimu wa upepo wa kusi. Mkishauacha mnara wa taa nyuma, mawimbi hayana mchezo, na kuna siku nahodha mwenye akili hatoki kabisa. Kama roho inataka samaki mkubwa na hela ipo, rudini msimu wa upepo wa kaskazi.

Mimi ningemchukua yule kijana. Lakini kwanza muulize: baba mwenyewe atakuwemo chomboni? Wanaoijua miamba ni wazee, na vijana wengi wa ufukweni siku hizi wanajua simu zaidi ya bahari. Baba akiwa amelala nyumbani, hiyo laki na nusu mnakodi mbao.

La pili, muulize siku hiyo mwezi mwandamo utakuwa wa ngapi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Mkondo unachukua chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, mshipi unalala, hamjui kama mmefika chini au la. Nyinyi mnataka maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo: siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, au ya ishirini na mbili hivi. Akikujibu "siku yoyote poa tu", huyo ni dalali. Msimlipe.

Laifu jaketi mzione kwa macho kabla ya kupanda, tatu zenu na za kwao. Akisema atawapeleka kuvua kisiwa cha Mnemba, kataeni, ile ni hifadhi. Na mkubaliane mapema samaki ni wa nani. Kwenye boti nyingi za kitalii samaki ni wa chombo, na nimeona mgeni akigombania jodari wake mchangani mbele ya watoto. Kwa mashua kawaida mtagawana.

Mkishatia nanga, mwambieni mzee awafundishe kushika mshipi. Atawawekea juu ya kidole cha shahada, mkono mlegevu. Changu hugonga: tak, tak, kisha kimya. Mgeni huvuta kwenye tak ya kwanza akabaki na ndoana tupu. Ngoja auchukue mshipi. Chewa hana adabu hiyo, yeye humeza akakimbilia pangoni, na usipomuwahi kumnyanyua umempa chubwi bure. Haya hutayapata kwenye boti ya laki tisa, huko fimbo inajua kila kitu.

Kuhusu shemeji: mashua iliyotia nanga hutapisha kuliko inayokwenda. Ale mkate mkavu, akae katikati ya chombo, atazame nchi kavu, asiiname kutia chambo; mtilieni nyinyi. Na muulizeni mzee kabla hamjatoka, shemeji akizidiwa saa ya kwanza mkageuza, mtalipa nusu au yote? Wengi hutoza yote.