Risasi ndani ya mashine ya risiti

Swali: Ndugu Mhariri, ninauza mizani za kielektroniki na mashine za risiti hapa Makoroboi, Mwanza. Cheti nilichopewa kinasema hazina risasi, ile metali, wala zebaki kupita kiwango cha Ulaya. Hupimwaje?

Jibu: Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 linaruhusu asilimia 0.1 ya risasi au zebaki, na asilimia 0.01 tu ya kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kiwango kisichohesabiwa kwa uzito wa mashine nzima bali kwa kila nyenzo peke yake: lehemu iliyoshika waya, plastiki ya kitufe, hata ganda la kebo. Kwanza humulikwa kwa eksirei. Penye shaka, sampuli huyeyushwa maabara kwa asidi ili kiasi kipimwe. Cheti kisichotaja modeli wala sehemu zilizopimwa mimi nisingekitegemea. Dai ripoti yenyewe.