Sato wanakufa alfajiri, ni tabianchi au kuna mtu katia sumu?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Nina vizimba sita vya sato huku upande wa Igombe, Mwanza, ndani ya Ziwa Victoria. Juzi kati kulikuwa na joto balaa, ziwa limetulia kama kioo na maji yamekuwa ya kijani, nikaamka saa kumi na moja alfajiri nakuta sato wakubwa wanaelea wamekufa, wadogo wazima. Jirani anasema tumewekewa sumu, mwingine anasema mabadiliko ya tabianchi. Sasa moshi wa viwanda vya Uchina unamuuaje samaki wa Mwanza?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, pole sana na hasara. Kesi ya sumu iache kwanza. Sumu mara nyingi inaanza na wadogo au inazoa wote, ila ukiona wakubwa ndio wameondoka, tena alfajiri, mi nafikiria oksijeni kabla ya kitu kingine. Usiku ule hukuwaona wamekuja juu wanahema mdomo wazi?

Ule ukijani ni mwani. Mchana una jua, unatengeneza oksijeni vizuri tu, ila usiku nao unavuta hewa pamoja na samaki, kwahiyo ikifika saa kumi na moja salio limeisha.

Sasa tabianchi. Moshi wenyewe haufiki Igombe ila hewa ukaa iliyomo ndani yake inasambaa dunia nzima, kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwenye kila sehemu milioni ya hewa, leo imepita 420, na kazi yake ni kuzuia joto lisitoke kirahisi kurudi angani. Ziwa nalo linapata joto. Maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi, we fungua soda iliyokaa juani uone gesi inavyokimbia. Lakini hiyo ndogo, kubwa ni hii: ruka toka kwenye mtumbwi saa nane mchana, kifua kiko kwenye uvuguvugu miguu iko kwenye baridi, si ndio? Maji ya moto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi mazito yanakaa chini na hayachanganyiki mpaka upepo wa kusi wa Juni mpaka Agosti uje kuyakoroga. Ziwa letu sio refu kwenda chini, penye kina kikubwa ni kama mita 80 tu, ila juu pakizidi joto upepo unapata kazi kweli kulikoroga. Huku chini uchafu unaoza unakula oksijeni yote, halafu siku upepo wa ghafla au mvua kubwa ikipiga, yale maji mafu yanasukumwa mpaka kwenye vizimba vyako.

Ila tusiwasingizie Wachina yote. Mwani unakula fosforasi na naitrojeni, na hizo tunazileta wenyewe, maji taka ya mjini, udongo wa mashamba unaoshuka na mito, na chakula kinachodondoka chini ya vizimba. Nilishamkuta jamaa mmoja saa kumi na mbili asubuhi anamwaga chakula samaki wanahema juu, anasema wana njaa! Samaki akishiba anahitaji oksijeni zaidi ya kusaga kile chakula, yaani alikuwa anawamalizia.

Kwahiyo tafuta kipimo cha oksijeni, hata mchangie wafugaji wanne watano, na upime alfajiri, sio mchana maana mchana kitakudanganya. Pima juu na pima chini ya wavu. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita punguza chakula, chini ya 3 usilishe kabisa. Nyavu zipigwe brashi, zikiziba mwani maji hayapiti ndani. Na kama vizimba vimekaa penye maji mafupi yasiyotembea, visogeze penye kina na mkondo, tena usijaze samaki kwa tamaa.

Wale waliokufa usiwapeleke mwaloni kuuza, chimba shimo mbali na maji uwafukie. Hao waliobaki leo jioni usiwape kitu, subiri jua lipande kesho ndo uwape kidogo.