Jibu: RNA ndogo za sato zinapotelea kwenye kolamu

Pole sana ndugu, nimekuelewa, umetoa RNA (molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye jeni) kwenye maini ya sato, mashine ya kupima inasoma vizuri ila miR-122 haionekani kabisa, hiyo ni moja ya maikroRNA, yaani RNA fupi sana zinazodhibiti jeni. Mi nahisi shida ni kolamu, yaani kimrija chenye kichujio cha kusafishia RNA, zile za kawaida zinashika RNA ndefu kuanzia kama nyukliotidi (herufi za RNA) 200, maikroRNA ina 22 tu hivi kwa hiyo inapita unaimwaga mwenyewe bila kujua. Ilishanikuta, nikapoteza sampo za wiki nzima, iliniuma mno.

Tumia Trizol (kimiminika cha kutolea RNA) bila kolamu, weka isopropanoli na glikojeni kidogo ili RNA itulie chini, ilaze usiku kucha kwenye friza ya -20, osha na ethanoli ya 80%. Praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia kunakili) usihangaike sana, miR-122 ya zebrafish (samaki mdogo wa maabara) na ya binadamu zinafanana herufi kwa herufi, ya sato icheki kwenye miRBase, hifadhidata ya maikroRNA mtandaoni. Ila cDNA (nakala ya DNA ya hiyo RNA) tengeneza kwa praima ya kitanzi (stem-loop), oligo dT, ile praima inayonasa mkia wa A, haikamati kitu maana maikroRNA haina mkia wa A.

Tafadhali, Trizol ina fenoli, inaunguza vibaya. Vaa glavu na miwani, fanyia kwenye kabati la kufyonza hewa, ikikumwagikia osha kwa maji mengi angalau dakika 15 halafu nenda hospitali hata kama hausikii maumivu.