Božena sio "zawadi ya Mungu", msimamishe sonara

Mkuu hicho kidani usikipeleke popote kwanza. Unasema mke wako Mcheki anataka binti aitwe Božena, mtandaoni umekuta maana yake "zawadi ya Mungu" na kesho unampelekea sonara achonge hivyo hivyo nyuma, halafu unauliza na asili yake. Mimi nilifanya hayo hayo miaka sita iliyopita na mpaka leo yananiuma.

Nilichonga. Kidani cha dhahabu, na kadi 150 za ubatizo, "Božena, Zawadi ya Mungu". Mama mkwe akatua kutoka Brno, huko Ucheki, akakishika, akauliza haya maneno ya nyuma ndio nini, mke wangu akamtafsiria, bibi wa watu akanyamaza kidogo halafu akasema taratibu, huyo ni mtoto mwingine, huyo ni Božidara. Nilitamani ardhi ipasuke. Sonara akasema hakifutiki, bati jembamba na mchongo umezama, ikabidi akiyeyushe aanze upya, laki nne na nusu nyingine imetoka hapo, kadi nazo zikachapwa zote tena siku mbili kabla ya ubatizo.

Na ile tovuti iliyonidanganya bado ipo hewani! Kwao kila jina ni zawadi ya Mungu, ukiwapa jina la mbuzi wako watakwambia hivyo hivyo.

Sikiliza, zawadi kwa Kicheki ni dar. Kwenye Božidara unaisikia dar humo ndani. Bohdana una Bůh, Mungu, na dána, aliyetolewa. Božena je? Kuna boží tu, yaani "wa Mungu", na ule mwisho wa kike, basi, zawadi umeitoa wapi? Na ni jina la Kislavi la zamani sana, Kosmas, mwandishi wa historia wa Kicheki aliyefariki 1125, ameshaandika habari za Oldřich, mtawala wa Wacheki, kumkuta Božena anafua nguo akamuoa, mtoto wao ndio Břetislav aliyekuja kuwa mtawala pia.

Kwa hiyo usichonge maana yoyote mpaka uweze kunyooshea kidole kipande cha jina kinachobeba kila neno la hiyo maana. Kila neno mkuu, sio nusu.

Mpigie sonara usiku huu huu. Nyuma aandike "Wa Mungu" tu, na mbele hakikisha ile ž ina kialama chake juu.