Faili la nywele mpya: nani atamwona mhusika wako?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nacheza World of Warcraft, gemu la kompyuta la mtandaoni, tangu nikiwa sekondari. Mhusika wangu ni binadamu, na sura yake ni ileile ya zamani. Fundi mmoja hapa Nyakato ananiuzia kwa flashi faili la ngozi nyeusi na nywele za kipilipili, sh 20,000. Ukilibofya linajiweka lenyewe, na anasema wachezaji wote wataniona hivyo. Nichukue?

JIBU: Marahaba. Usichukue, na hiyo flashi usiichomeke kabisa.

Hili la "wote wataniona" limewalia vijana pesa nyingi. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu, haitunzi picha ya mhusika wako. Inatunza namba tu: ngozi namba fulani, sura namba fulani, mtindo wa nywele, rangi yake. Ukikutana na mchezaji wa Ujerumani, seva inampelekea namba hizo, na kompyuta yake ndiyo inayokuchora kwa mafaili yake yeye. Kubadili faili kwenye mashine yako ni sawa na kupaka rangi kioo cha kwako ukitegemea watu wa Kirumba waone umenyoa. Halafu sasisho likija, au ukikarabati gemu, faili lililochezewa linapakuliwa upya, bando linakwisha, na unabaki na hatari ya kufungiwa akaunti kwa kuvunja masharti.

Ngozi nyeusi na sura za kuendana nayo zimo ndani ya gemu tangu 2020. Nenda kwa kinyozi wa ndani ya gemu, yupo Stormwind, mji wa binadamu, ukae kitini. Alipoanza kazi mwaka 2008 alishughulika na nywele na ndevu. Sasa anabadili karibu kila kitu, malipo ni dhahabu ya gemu. Pitia mitindo yote ya nywele. Usioukuta pale haupo, na hakuna fundi wa kukuwekea.

Ukishanyoa na nywele zisionekane, angalia kofia. Kofia nyingi zina amri ya kuficha nywele ili zisitokeze kwenye chuma. Nenda kwa mbadilisha mwonekano wa mavazi (transmogrifier) humohumo kwenye gemu, chagua kuficha kofia. Nguvu zake zinabaki. 

Kuna wanaojitetea kwamba wanauza "adoni", yaani nyongeza ya gemu. Adoni halisi ni folda ya maandishi, mafaili ya .lua na .toc, unayoiweka Interface/AddOns kwa mkono wako. Haina .exe, na haibadilishi mwenzako anakuonaje. Kitu kinachojiweka chenyewe na kukuomba uzime antivairasi kinatafuta nywila yako. Wauza almasi "za bure" za Free Fire, lile gemu la simu, nao ni walewale: salio liko kwenye seva ya kampuni, programu ya kwenye simu yako hailifikii.

Kama ulishaibofya, usiingie popote kwa kompyuta hiyo. Chukua simu, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha ya gemu, washa uthibitisho wa hatua mbili, toa vifaa vyote vilivyoingia. Baada ya hapo ndipo upige Windows upya.